UZI: Kebo ipi inaendana na amplifaya yako? Nusura niunguze yangu, hiki ndicho nilichojifunza

#1 Mwambao (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo.

Kuna swali linarudi humu kila baada ya wiki chache: "Nimepata amplifaya ya maana, ninunue kebo gani za spika?" Majibu huwa ya aina mbili. Mmoja anasema waya wowote mnene unatosha. Mwingine anataja kebo ya bei ya pikipiki. Wote wanaruka swali lililotakiwa kutangulia: hiyo amplifaya imetengenezwaje, na inategemea kukutana na nini ikishatoa moto wake? Mimi niliruka swali hilo na nikaijutia nafsi yangu usiku mzima.

Niko Tanga. Shemeji yangu anayeishi Uingereza aliniletea Naim NAP 250 ya zamani, amplifaya ya Kiingereza, ile ya boksi la alumini lililochongwa kama mbavu. Modeli hiyo ilianza kutoka mwaka 1975, na nilikuwa naitamani tangu nikiwa kijana. Sebule yangu ni ndogo, kwa hiyo spika nikaziweka karibu kabisa na amplifaya, mita moja na nusu hivi. Kebo nikaagiza mtandaoni: nyuzi nyingi nyembamba zimesukwa kama ukili, zinapendeza hata kuzitazama. Maelezo ya muuzaji yalisifia shaba, yakasifia msuko, yakasifia sauti. Sikusoma maelekezo ya amplifaya yenyewe.

Nikawasha. Sauti ikatoka vizuri tu. Baada ya kama nusu saa nikapunguza volumu ili niongee na simu, nikaegemeza mkono kwenye boksi. Lilikuwa na joto la pasi! Hakuna muziki wowote unaopigwa, mashine inapika. Nikazima palepale.

Kesho yake akaja fundi wangu, mzee wa Ngamiani aliyeanza kazi enzi za redio za valvu. Akafunga kebo zilezile, akaweka osiloskopu (chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo) kwenye matundu ya spika, akawasha kwa dakika moja tu. Kwenye kioo tukaona wimbi limejaa, na hakuna chochote kilichokuwa kinapigwa. Liko juu mno, sikio la binadamu halilifikii. Akaniambia: "Hii inaimba peke yake. Kebo yako haipatani nayo." Akazima, akachomoa kebo, na tangu siku hiyo sijazirudisha.

Kilichotokea ni hiki. Amplifaya za transista karibu zote hujirekebisha zenyewe: zinachukua sehemu kidogo ya umeme unaotoka kwenda kwenye spika, zinaurudisha nyuma na kuulinganisha na ule ulioingia. Mrejesho huo ukichelewa, badala ya kurekebisha kosa unalikuza, na mashine inaanza kutetema kwa kasi kubwa. Kinachouchelewesha ni kapasitansi, yaani tabia ya nyaya mbili zilizolala pamoja kuhifadhi chaji kama kapasita ndogo. Watengenezaji wengi wanalijua hilo, ndiyo maana wanaweka koili ndogo na rezista mahali pa kutokea ili amplifaya isiguswe na kapasitansi ya kebo.

Naim wa enzi hizo hawakuweka koili hiyo. Waliiachia kebo kazi hiyo. Kebo yao, NAC A5, ina indaktansi (tabia ya waya kuzuia umeme usibadilike ghafla, kazi ileile ya koili) ya takriban maikrohenri 1 kwa kila mita na kapasitansi ya pikofaradi 16 tu kwa mita. Nyaya zake mbili zimetenganishwa na utepe wa plastiki, kila mmoja unapita upande wake. Maelekezo yao yako wazi: kila upande usipungue mita 3.5, na kushoto na kulia ziwe na urefu ule ule. Hata kama spika iko hatua mbili kutoka kwenye amplifaya, mita 3.5 zile pale.

Sasa nyaya zikisukwa zikakumbatiana, indaktansi inashuka na kapasitansi inapanda. Kwa hiyo mimi nilikuwa na kebo ya tabia ya kinyume kabisa na inayotakiwa, tena fupi kuliko kiwango. Kebo haikuwa mbovu. Kwenye amplifaya ya mtu mwingine ingefanya kazi miaka ishirini.

Na jambo hili si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kebo za kusukwa zilipoingia kwa kishindo sokoni Marekani, kuna amplifaya ziliungua kwa namna hii hii. Baadaye watengenezaji wa kebo za kapasitansi kubwa, kama zile bapa za Goertz, wakawa wanatoa pamoja na kebo rezista na kapasita ya kufungwa upande wa spika ili kutuliza mtetemo. Fundi anaweza kukufungia mwenyewe: rezista ya omu 10 na kapasita ya maikrofaradi 0.1, zikifuatana, zivuke kutoka chanya kwenda hasi kwenye matundu ya spika. Lakini kama amplifaya yako ni Naim ya zamani, usitafute njia ya mkato, fuata kebo inayotakiwa.

Karibuni tujadiliane. Kama una amplifaya maalumu, taja modeli.

#2 Kipaza Mwereka

Nimekaa mbele kabisa. Mkuu, mimi yangu siyo Naim, ni ya Kijapani, ya kawaida ila nzito. Spika za omu 4. Umbali mita tano kila upande. Huko dukani nimekutana na waya wa milimita mraba 0.75, wa 1.5, wa 2.5 na wa 4. Nichukue upi?

#3 Mwambao (mwanzisha uzi)

Mkuu, za Kijapani nyingi zina ile koili, kwa hiyo cha kwanza kukuhangaisha ni ukinzani wa waya, yaani jinsi unavyozuia umeme, unaopimwa kwa omu.

Kumbuka umeme unakwenda na kurudi. Mita tano za umbali ni mita kumi za shaba. Kwa waya laini wa nyuzi nyingi, kiwango cha kimataifa kinaruhusu ukinzani usiozidi omu 26 kwa kilomita kwa waya wa 0.75, omu 13.3 kwa wa 1.5, omu 7.98 kwa wa 2.5 na omu 4.95 kwa wa 4. Kwa mita zako kumi, wa 0.75 unakupa omu 0.26. Wa 2.5 unakupa 0.08. Wa 4 unakupa 0.05.

Roger Russell, aliyefanya kazi miaka mingi ya utafiti wa spika pale McIntosh, kampuni ya amplifaya ya Marekani, alikuwa na kipimo rahisi ambacho mimi nakifuata: ukinzani wa kebo nzima usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Spika yako ya omu 4, basi mwisho ni omu 0.2. Wa 0.75 umeshatoka nje. Wa 1.5 unapita, wa 2.5 unapita kwa raha.

Kwa nini asilimia 5 ziwe na maana? Spika iliyoandikwa "omu 4" haina omu 4 muda wote. Kwenye noti moja inaweza kushuka hadi 3, kwenye nyingine ikapanda hadi 30. Kwa waya wa 0.75, pale penye omu 3 unapoteza desibeli 0.7, na pale penye omu 30 unapoteza chini ya 0.1. Maana yake kebo imeanza kuchora upya sauti ya spika: noti hii inanyanyuka, ile inalala. Kwa waya wa 2.5 tofauti hiyo inabaki kama desibeli 0.2, na kwa wa 4 inabaki 0.13. Hapo hata sikio kali halina la kushika.

Chukua 2.5. Ukiona kebo ya Kimarekani imeandikwa kwa namba zao (AWG), ujue namba ikiwa ndogo waya ni mnene: 12 ni kama 3.3, 14 ni kama 2.1, na 16 ni kama 1.3.

#4 Sikio Pevu

Naheshimu hesabu zako mkuu, lakini siwezi kukaa kimya. Nimesikiliza muziki miaka thelathini. Nilibadilisha kebo, nikaweka ya fedha, na sauti ya marimba ilifunguka. Mke wangu akiwa jikoni aliuliza umebadilisha nini. Vitu vingine haviko kwenye mita.

#5 Mwambao (mwanzisha uzi)

Kaka, siwezi kukuambia hukusikia ulichosikia. Naomba tu tupitie pamoja.

Kwanza, inawezekana kabisa kulikuwa na tofauti halisi. Kama kebo ya zamani ilikuwa nyembamba, au ncha zake zilikuwa zimeoza, au skrubu moja ilikuwa imelegea, kufunga kebo mpya kwa uangalifu kunabadilisha sauti, na anayeisikia hadanganyiki. Kitendo cha kuchomoa na kuchomeka peke yake kinasugua kutu kwenye mguso.

Pili, sauti ikizidi hata kwa sehemu ndogo ya desibeli tunaisikia kama "nzuri zaidi", hatuisikii kama "kubwa zaidi". Ndiyo maana kulinganisha kebo bila kulinganisha volumu kwa mita hakutupi jibu.

Gordon Gow, aliyekuwa rais wa McIntosh, alikuwa na onyesho lake miaka ya 1980. Kebo maarufu za wakati ule na waya wa kawaida wa taa, wote wameunganishwa kwenye swichi, msikilizaji anabadilisha mwenyewe papo hapo. Waya ulipokuwa mnene wa kutosha, watu hawakuweza kuzitofautisha. 

Mwaka 1991 Fred Davis alichapisha kwenye jarida la chama cha wahandisi wa sauti vipimo vya kebo kumi na mbili, akizipima pamoja na amplifaya na spika halisi. Nakubaliana na namna yake ya kutazama: kebo, amplifaya na spika ni kitu kimoja kinachofanya kazi pamoja, huwezi kuipima kebo ikiwa peke yake mezani. Kwa hiyo mimi na wewe hatuko mbali. Unasema kebo ina athari, nami nasema ina athari, na inatokana na ukinzani, indaktansi na kapasitansi yake ikikutana na mashine yako. Fedha inapitisha umeme kuliko shaba kwa kiasi kidogo tu. Ukiongeza unene wa shaba kidogo umeshafika palepale.

Ukiwa na nafasi, mwombe mtu akubadilishie bila wewe kuona, mara kumi na sita, uandike kila mara. Matokeo yoyote utakayopata, yalete humu. Nitayasoma kwa heshima.

#6 Sikio Pevu

Sawa mkuu. Nitamwomba kijana wangu Jumapili. Sijakubali, ila umeongea kistaarabu.

#7 Bint Kisauni

Salaam nyote, mimi niko Mombasa. Yangu ni matatizo ya bahari. Kila waya wa spika niutiao, baada ya mwaka mmoja shaba yageuka kijani ndani ya plastiki angavu, na ncha zawa nyeusi. Upande mmoja wakatika sauti kisha warudi. Nibadilishe kebo yote?

#8 Mwambao (mwanzisha uzi)

Dada, karibu sana. Sisi wa pwani tuna tatizo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji.

Kijani cha katikati ya waya hakinisumbui sana. Shaba iliyo chini yake bado inapitisha umeme, na ukinzani wa waya hubadilika kidogo tu. Ugonjwa wako uko kwenye ncha, pale shaba inapogusana na kitundu cha amplifaya au cha spika. Hewa yenye chumvi inaingia kati ya nyuzi, mguso unakufa, sauti inakatika.

Zima amplifaya. Kata ncha nyuma sentimita tatu nne mpaka uione shaba inang'aa. Tia plagi za banana zilizopakwa dhahabu, mwombe fundi azitie lehemu au azibane kwa koleo la kazi hiyo, kisha funika maungio kwa mpira wa kusinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Ukinunua kebo nyingine, tafuta ya shaba iliyopakwa bati, ambayo watu wa boti huitumia. Inakuwa na rangi ya fedha nje, ila ukiikata ndani ni nyekundu. Na usichague plastiki angavu.

Tena usiache uzi hata mmoja wa shaba ukichungulia pembeni. Uzi mmoja ukigusa chanya na hasi kwa pamoja, amplifaya isiyo na kinga inaweza kufa sekunde ileile.

#9 Kipaza Mwereka

Mkuu, hapo kwenye "rangi ya fedha nje, ndani nyekundu" umenistua. Ile niliyonunua jana ni kinyume: nje nyekundu, nimekwangua kwa kisu ndani nyeupe!

#10 Mwambao (mwanzisha uzi)

Hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake unazidi wa shaba tupu kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo 2.5 uliyolipia inafanya kazi kama 1.5. Na kwa sisi wa pwani ni mbaya mara mbili, kwa sababu alumini na shaba zikikutana kwenye unyevu wa chumvi zinakulana.

Roli zima likiwa dukani unaweza kulijua bila kukwangua. Linyanyue: shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini kwa ujazo ule ule. Au beba mita. Gusanisha ncha zake kwanza uone zinasoma ngapi, kisha pima waya mmoja kati ya miwili ya roli la mita 100, ncha hadi ncha, utoe ile namba ya mwanzo. Waya wa 2.5 wa shaba hautakiwi kuzidi omu 0.8. Ukisoma 1.2 hivi, weka chini.

#11 Mzee wa Santuri

Na kebo za kutoka priampu (ile yenye volumu, inayotangulia) kwenda pawa (amplifaya inayosukuma spika)? Yangu ina zile za XLR, plagi ya duara yenye pini tatu. Jamaa kaniambia XLR zote ni sawa, nichukue yoyote ya maikrofoni.

#12 Mwambao (mwanzisha uzi)

Shikamoo mzee. Mara nyingi jamaa yuko sahihi: kebo nzuri ya maikrofoni ni kebo nzuri ya amplifaya. Kwa kawaida pini ya 1 ni kinga, ya 2 ni chanya, ya 3 ni hasi. Lakini kuna mashine, Accuphase kwa mfano, zilizokuwa zikigeuza 2 na 3. Haziungui kwa hilo, ila usichanganye kushoto hivi na kulia vile, besi itapotea.

Hatari iko kwa hizi za kwangu. Kwenye NAP 250 ya zamani kuna tundu moja tu la XLR, na linabeba kushoto na kulia kwa pamoja. Umbo ni la XLR, mpangilio wa ndani ni mwingine kabisa. Ukichomeka kebo ya maikrofoni kutoka kwenye priampu ya mtu mwingine, hupati unachotarajia. Usiamini umbo la plagi, soma maelekezo ya modeli yako.

Kama unatumia RCA (plagi ya kawaida yenye pini moja katikati) na priampu yako ni ya valvu, angalia urefu. Kebo nyingi zina kama pikofaradi 100 kwa mita. Priampu yenye ukinzani wa kutokea wa omu 1,000 haitishiki na mita tano. Yenye omu 10,000, kebo ileile inaanza kukata sauti za juu ndani ya usikivu wa binadamu. Weka fupi.

#13 Mzee wa Santuri

Marahaba mwanangu. Na ya santuri yenyewe? Nina katriji (kile kichwa chenye sindano) ya Audio-Technica ya sumaku.

#14 Mwambao (mwanzisha uzi)

Hapo mzee ndipo kebo inaposikika kuliko pengine popote. Katriji za sumaku zinachagua kapasitansi. Nyingi za Audio-Technica zinataka pikofaradi 100 hadi 200, na Ortofon 2M zinataka 150 hadi 300. Hesabu hiyo ni ya jumla: waya wa mkono wa gramafoni, kebo, na ile iliyomo ndani ya amplifaya. Ikizidi, sauti za juu zinanyanyuka na kuwa kali, kisha zinadondoka ghafla. Kwa yako, tafuta kebo fupi ya kapasitansi ndogo, na usiongeze mita "kwa akiba".

#15 Kijana wa Daraja D

Wakuu, mimi nina amplifaya ya kisasa ya daraja D (class D, ambayo transista zake zinawaka na kuzima kwa kasi), na sabufa inayochukua sauti kutoka kwenye matundu ya spika. Naunganisha hasi zote mbili pamoja?

#16 Mwambao (mwanzisha uzi)

Simama kwanza, usiunganishe! Amplifaya nyingi za daraja D, na zile ambazo amplifaya mbili zimeunganishwa kusukuma spika moja (bridge), zina umeme kwenye chanya na kwenye hasi. Hasi yake siyo ethi. Ukiunganisha hasi ya kushoto na ya kulia, au ukaipeleka kwenye ethi ya sabufa, unaweza kuiua leo. Andika modeli hapa, au tafuta kwenye maelekezo kama hasi ya kutokea imeungwa na ardhi.

Na wale wenye mngurumo wa umeme: msikate pini ya ethi kwenye plagi. Nimeona inashauriwa humu na inanitia hofu. Boksi la amplifaya ni la chuma, likipata hitilafu ndani ni mwili wako utakaokuwa njia. Anzeni kwa kuchomeka vifaa vyote kwenye soketi moja, kisha mtenganishe kebo za sauti na za umeme.

#17 Kipaza Mwereka

Mrejesho mkuu. Nimerudi dukani na mita. Roli lilelile lilisoma 1.3, la jirani yake likasoma 0.7 na ni zito haswa. Amenibadilishia, nimeongeza pesa kidogo. Nimekata mita tano mbili, niko njiani narudi.

#18 Mwambao (mwanzisha uzi)

Safi sana. Ukifika, zima amplifaya na uchomoe umeme kabla ya kugusa chochote. Anza kufunga upande wa spika, umalizie na amplifaya. Waya wenye mstari uufanye chanya, pande zote mbili. Ukishawasha, kaa nusu saa bila muziki, kisha weka mkono juu ya boksi.

#19 Kipaza Mwereka

Nimekaa dakika arobaini. Vuguvugu tu.